Safari Huanzia Mlangoni

Marehemu baba yangu alikuwa na daftari la jalada gumu jeusi ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Ndani hamkuwa na siri za pesa wala za wanawake, kama mama alivyopenda kumtania. Mlikuwa na safari. Kwa miaka 27, tangu 1974 hadi 2001, mzee aliendesha basi baina ya Nairobi na Mombasa, na kila aliporejea nyumbani kwetu Makadara, aliketi mezani kabla hata ya kuvua viatu akaandika mstari mmoja: tarehe, alikotoka, alikofika na saa alizotumia. Kilomita hakuziandika kamwe.

"Kilomita hazibadiliki," alikuwa akisema. "Kutoka hapa hadi Mombasa ni 485, leo na kesho. Kinachobadilika ni saa."

Nimelikumbuka daftari hilo kwa sababu wiki mbili zilizopita mtoto wa dada yangu, aliye katika shule ya upili, alinijia na kazi ya jiografia aliyopewa na mwalimu wake. "Anti," akaniuliza, "kutoka New York hadi Nairobi ni mbali kiasi gani?"

Nilimjibu papo hapo bila kuinua macho kutoka kwa kazi yangu. Kilomita 11,840 hivi, ukifuata njia fupi kabisa. Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Nami nikabaki nimeshika kalamu hewani, kwa kuwa nilikuwa nimemjibu mtoto wa watu jinsi baba alivyotukataza kujibu.

Mpenzi msomaji, tuianze hesabu hiyo kwa utaratibu. Kilomita 11,840 ni sawa na kwenda Mombasa mara 24 na zaidi. Ni karibu thuluthi ya mzunguko mzima wa dunia, ambao ni kilomita 40,000. Ndege kubwa ya abiria ikishafika juu huenda kasi ya kilomita 900 kwa saa, kwa hivyo ukigawanya utapata saa 13 na dakika chache. Lakini ndege haziifuati hesabu hiyo. Inayotoka New York kuja Nairobi bila kutua popote huchukua saa 14 hivi. Inayokwenda huko kutoka Nairobi huchukua saa 15. Barabara ni ile ile na gari ni lile lile, ilhali saa ni mbali mbali.

Kama una tufe nyumbani, au shuleni kwa mtoto wako, chukua uzi. Weka ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha uvute mpaka ukaze. Utashangaa unakopita. Kwenye ramani iliyobandikwa ukutani utadhani ndege itavuka Kongo na kupanda moja kwa moja kaskazini-magharibi. Hasha! Uzi unapanda Sudan Kusini, unakata Chad, unalivuka jangwa la Sahara hadi Morocco, na hapo ndipo unapoingia Bahari ya Atlantiki. Ukiwa katikati ya bahari utakuta umepanda kaskazini kuliko hata New York yenyewe, halafu unaanza kushuka. Ramani bapa ndiyo inayotudanganya, maana ni dunia ya mviringo iliyolazimishwa kulala juu ya karatasi. Si lazima rubani aufuate uzi huo siku zote. Upepo, dhoruba na vita vya nchi za watu humfanya azunguke.

Baba alionyeshwa jambo hilo na kaka yangu mwaka wa 2008, usiku mmoja kabla ya kaka kuondoka kwenda masomoni New York. Tufe tulilazima kuazima kwa jirani aliyekuwa mwalimu, na uzi ulitoka kwenye kikapu cha ufumaji cha mama. Mzee alitazama kwa muda, akatia miwani, akauliza swali ambalo nimewahi kulisikia kutoka kwa watu wengi wenye elimu kumshinda.

"Kama dunia inazunguka, kwa nini hiyo ndege isipande juu tu, ikatulia, na kuingoja New York ifike chini yake?"

Kaka, ambaye alikuwa na digrii ya kwanza ya hisabati, alianza kueleza mambo ya hewa na mvuto hata yeye mwenyewe akapotea. Baba akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa amekwisha kupata jibu.

"Ah! Ni kama inzi ndani ya basi. Inzi anaruka katikati ya basi nami naenda kilomita 100 kwa saa, lakini hagongi kioo cha nyuma. Hewa iliyo ndani inakwenda na basi."

Hilo ndilo jibu. Hewa yetu huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Sijapata kusikia mwalimu aliyelieleza vizuri zaidi.

Kaka aliondoka Agosti mwaka huo kupitia London. Wakati huo hapakuwa na ndege ya moja kwa moja, na wengi waliokwenda Marekani walipitia Ulaya. Wala hilo halikuwa geni. Wale wanafunzi 81 waliosafirishwa Septemba 1959 kwa mpango wa marehemu Tom Mboya, ambao baba aliwasikia wakitajwa akiwa kijana mdogo Taita, walipanda ndege ambazo zisingeweza kuyamaliza masafa hayo kwa mruko mmoja. Zilitua na kujaza mafuta njiani, kama basi linavyosimama Mtito Andei.

Siku ya kuondoka kwa kaka palitokea kisa ambacho hadi leo hutuchekesha. Tikiti iliandikwa 10:40, yaani saa nne na dakika 40 asubuhi kwa saa zetu. Shangazi, dada yake baba, alisomewa kwenye simu na mtoto mmoja aliyekuwa na haraka, naye akaielewa saa kumi na dakika 40 jioni. Alifika uwanjani saa tisa alasiri akiwa amebeba chapati 30 ndani ya sufuria iliyofungwa kwa leso, akiwa na nguo zake za kanisani, akimtafuta mtoto wake ili ambariki. Kaka alikuwa mahali fulani juu ya mawingu. Shangazi aliketi kwenye ukuta pale nje, akalia kidogo, kisha akawagawia chapati madereva wa teksi.

Sisi huhesabu saa kuanzia macheo, na karibu na ikweta jua halitutupi: litachomoza saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Kaka alituambia kwamba huko aliko mtindo huo ungemtia wazimu. Mwezi wa Disemba jua hutua saa kumi na nusu jioni. Mwezi wa Juni hutua saa mbili na nusu, wakati ambapo sisi tumekwisha kula na watoto wamelala. Wenyewe nao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, hivi kwamba sisi huwa mbele yao kwa saa nane wakati wa baridi na saa saba wakati wa kiangazi. Mama hakuwahi kulikubali jambo hilo. Kila alipopiga simu aliuliza, "Huko ni saa ngapi?" na kila alipojibiwa alisema, "Basi lala, mwanangu," hata kama ilikuwa adhuhuri.

Baba yeye aliuliza swali lingine. Kila Krismasi, baada ya salamu, aliichukua simu akasema, "Kutoka mlangoni kwako hadi mlangoni kwangu, saa ngapi?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake. Safari huanzia mlangoni, haianzii stendi. Abiria akimwambia kwamba alitoka Nairobi saa mbili usiku akafika Mombasa saa kumi alfajiri, mzee alimuuliza: Ulitoka nyumbani saa ngapi? Ulingoja basi muda gani? Na kutoka stendi hadi kwa mwenyeji wako ulitembea kwa miguu au ulipata gari? Akishajumlisha, saa nane ziligeuka kuwa kumi na mbili. "Hizo ndizo saa," alikuwa akisema. "Nyingine ni za kampuni."

Kaka angejibu kwa kukisia. Ishirini na nne. Ishirini na sita, kukiwa na foleni. Lakini hakuja. Mwaka wa kwanza ilikuwa nauli, wa pili mitihani, na baadaye makaratasi yake yakakwama. Wale walio na ndugu ng'ambo wanajua ninachokisema. Mtu anaweza kuwa umbali wa saa 20 na asiweze kuzisafiri, kwa kuwa akishatoka hataruhusiwa kurudi. Miaka ilipita hivyo. Bibi yetu alizikwa Taita bila yeye, nami niliolewa bila yeye. Katika picha za arusi yangu kuna pengo baina ya baba na mama ambalo mpiga picha hakulielewa, maana baba alikataa katakata mtu mwingine asimame pale.

Halafu ukaja mwaka wa 2018. Februari ya mwaka uliotangulia Marekani ilikuwa imeutambua usimamizi wetu wa usafiri wa ndege kuwa umefikia kiwango kilichotakiwa, na tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta moja kwa moja hadi New York kwa mara ya kwanza. Baba alikuwa amestaafu kitambo, lakini habari hiyo aliisikiliza redioni kama mtu anayesikiliza matokeo ya uchaguzi. Aliponipigia simu ofisini sauti ilikuwa juu.

"Wanasema saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kwa nini?"

Nilikuwa tayari, kwa kuwa gazeti lilikuwa limenituma kuandika makala juu ya jambo hilo hilo. Nikamweleza kwamba kule juu, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, hasa juu ya Atlantiki, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingine kasi yake hupita kilomita 200 kwa saa. Ndege inayokuja kwetu husukumwa mgongoni. Inayokwenda huko hupigana nao uso kwa uso.

"Kama kuteremka Mariakani," akasema.

Nikamwambia pia kwamba ndege hiyo huondoka Nairobi usiku, na sababu moja ni hii. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na jua la mchana huizidisha wepesi, hivyo mabawa hupata taabu kuinua mzigo. Na mzigo si mdogo. Mafuta peke yake ya kumaliza saa 15 ni zaidi ya tani 70. Usiku hewa ikipoa hushikamana, na ndege hupaa kwa nafuu. Mzee alicheka sana. Kumbe hata ndege huogopa mlima ikiwa imebeba!

Lililomkera ni marubani. Niliposema kuwa huwamo wanne, wanaopokezana na kulala kwa zamu, alinyamaza. "Wanne," akarudia. Yeye alifanya safari hiyo ya usiku peke yake kwa miaka 27, mwenziwe akiwa kondakta ambaye alikuwa wa kwanza kukoroma wakishapita mizani.

Jioni hiyo aliandika mstari katika daftari lake, wa kwanza tangu 2017 alipoipanda reli mpya hadi Mombasa na kuandika "saa 5, sikuamini". Mstari wa New York aliuandika kwa penseli, kwa kuwa haukuwa wa safari iliyokwisha kufanywa. Aliacha nafasi ya tarehe.

Kaka alipata makaratasi yake mwaka wa 2021. Alikuwa ameoa na ana mtoto mchanga, na kazi mpya ambayo haikuruhusu likizo ndefu. Akasema mwaka ujao. Mwaka ujao ukafika, akasema mwaka ujao.

Jumanne tarehe 16 Mei 2023, saa moja jioni, baba alianguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa ganzi, na mdomo ukapinda. Daktari wa zamu aliniita kando, akaniambia kwa upole kwamba siku tatu za kwanza ndizo zitakazoamua, na kama kuna mtu wa kuitwa aitwe.

New York ilikuwa saa sita adhuhuri. Nilimpata kaka kazini, na hatukulia, kwa sababu hapakuwa na wakati. Tulifanya hesabu. Ndege ya moja kwa moja iliyokuwa na nafasi ilikuwa ya Ijumaa, ambayo ingemfikisha Jumamosi asubuhi. Shirika jingine, ambalo sitalitaja, lilikuwa na nafasi Jumatano usiku kupitia mji mmoja wa Ghuba. Njia hiyo huwa inazunguka: New York hadi Ghuba ni kama kilomita 11,000, kisha nyingine 3,500 na ushei hadi Nairobi. Unaongeza zaidi ya kilomita 2,500, tena unakipita kwenu kwa upande halafu unarudi. Lakini ingemfikisha Ijumaa kabla ya mapambazuko.

"Wewe ungefanyaje?" akaniuliza.

Nilisikia sauti ya baba kichwani mwangu. Abiria wengi hukosea kwa kungoja gari la mbio la kesho na kuliacha lililowasha injini. Nikamwambia apande la Jumatano. Nauli sitaitaja. Ningeweza kununua pikipiki mpya.

Saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi simu yangu ililia. Nilikuwa nimelala kitini hospitalini. Kaka alisema neno moja tu: "Nimefunga." Nilielewa. Nikaandika nyuma ya karatasi ya dawa: saa nane usiku, amefunga mlango.

Siku hizi unaweza kuitazama ndege kwenye simu, kijidude kidogo cha manjano kinachotambaa juu ya ramani. Nilikitazama mchana kutwa. Kilitoka New York saa kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu, kikavuka Atlantiki, kikaingia Ulaya. Baba alilala. Kila baada ya muda wauguzi walimpima na kuandika. Mama alikuwa akishona kitambaa ambacho nadhani alikishona na kukifumua mara tatu. Aliniuliza, "Amefika wapi?" nami nikamtajia nchi, naye akaitikia kama ninayemtajia vituo vya njia ya Mombasa. Nasema kweli, sijawahi kuuona udogo wa ndege kama siku ile. Kijidude kile hakikuonekana kusogea mpaka ukitupie macho kwingine.

Kilitua Ghuba saa kumi na mbili na nusu jioni. Kungoja kulikopangwa kulikuwa saa tatu. Saa tatu zikawa nne, zikawa sita. Ujumbe wa kaka ulisema kuna hitilafu katika mtambo wa ndege ya pili, na kwamba wamepewa maji ya machungwa na biskuti. Saa sita za usiku hali ya baba ikabadilika, pumzi ikawa nzito, na daktari akaitwa. Nilisimama ukumbini nikamwandikia kaka, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Nilijua kwamba hata nikimwambia hawezi kushuka akaisukuma ndege. Mwishowe niliandika, "Baba yupo." Akajibu, "Niko."

Ndege iliruka saa kumi na nusu alfajiri ya Ijumaa, baada ya kungoja saa kumi nzima. Kutoka hapo ni saa tano. Kufikia asubuhi pumzi ya mzee ilikuwa imetulia, ila hakufumbua macho. Kaka alitua saa tatu na nusu, akapanga foleni ya uhamiaji, akangoja mzigo, akaamua kuuacha, akapanda teksi na kukuta barabara imefunga kama kawaida ya jiji letu.

Aliingia wodini saa tano na nusu. Nilikuwa nimemwona kwenye simu miaka yote hiyo, lakini simu haikuwa imeniambia kwamba ana mvi. Mama alisimama, kitambaa kikaanguka. Wala hawakusemezana, alimsukuma tu kuelekea kitandani.

"Baba, nimefika."

Mzee alifumbua jicho moja, lile zima. Akamtazama kwa muda mrefu, kama anayesoma kibao cha barabarani kilichofutika rangi. Kisha midomo ikaanza kutaabika.

"Saa... ngapi?"

Kaka alitazama mkono wake. Saa yake ilikuwa ingali ya New York, akajumlisha kichwani. "Saa tano na nusu, Baba. Asubuhi."

Baba alikunja uso. Akatikisa kichwa kidogo juu ya mto, akarudia kwa hasira ile tuliyoijua tangu utotoni. "Saa ngapi?"

Niliinama nikamnong'oneza kaka. "Anauliza ulitumia saa ngapi."

Nilitoa ile karatasi ya dawa. Tukahesabu wote wawili kwa vidole, watu wazima, mmoja akiwa na digrii ya hisabati. Kutoka saa nane usiku wa Alhamisi hadi saa tano na nusu ya Ijumaa.

"Thelathini na tatu na nusu, Baba. Mlango hadi mlango."

Jicho likapanuka. Ilipasa mtu awe amelisoma daftari ili ajue kwa nini. Safari ndefu kuliko zote za baba ilikuwa ya msimu wa mvua za El Niño za 1997, mto ulipoikata barabara ya Mombasa na basi lake likalala njiani na abiria. Mstari wake unasema: saa 31. Kwa miaka 25 hakuna aliyewahi kuuvunja.

"Mvua?" akauliza.

"La, Baba. Ndege iliharibika."

Upande wa kushoto wa mdomo wake ukainuka. "Makanika... hakuwapo?"

Mama alianza kucheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili mpaka muuguzi akaja kututuliza.

Alipona kiasi. Kaka alikaa wiki tatu, na kabla ya kuondoka alilitoa lile daftari ili aujaze ule mstari wa penseli. Aliandika saa 18, yaani zile za angani tu. Nadhani alichoka au aliona haya. Baba alikuwa ameketi kitini, blanketi magotini. Alilivuta daftari kwa mkono wa kushoto, akaweka kidole juu ya ile 18 na kukikandamiza hadi kaka akaifuta na kuandika 33½.

Kaka alirudi kwa ndege ya moja kwa moja. Aliondoka Makadara saa moja na nusu usiku, na siku iliyofuata, saa kumi na nusu jioni, simu ya mama ililia. "Nimefungua mlango," akasema. Mama akamuuliza huko ni saa ngapi. Baba hakuuliza neno. Alikuwa na kalamu mkononi, ule wa kushoto ambao haukuwa umewahi kuandika katika miaka 75, na ilimchukua muda wa kunywa kikombe kizima cha chai kuumaliza mstari. Herufi zimelala, nambari zimepanda juu ya mstari na kushuka. Unasomeka hivi: Nrb – New York, saa 21, njia nzuri.

Alifariki Oktoba mwaka huo huo. Baada ya mstari huo kurasa ni tupu.

Jana nililitoa daftari kabatini, nikamwita mtoto wa dada yangu aje na kitabu chake cha jiografia, na afute lile jibu nililompa.